Maji ya Maziwe Hayangoji Brashi

Safari hii niliipanga kwa mwezi. Nilitaka nifike Pangani siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama, bahari iwe kwenye bamvua, kwa sababu pwani ya Tanga wakati wa bamvua maji hupwa asubuhi na kufika mwisho wake kama saa 4 na nusu, na hapo ndipo fungu la Maziwe hutoka baharini likaonekana lote. Majirani walioniona nikifunga vipande vya hadibodi na kopo la tapentaini walidhani nimepata kazi ya kupaka rangi hoteli. Niliwaacha na dhana yao. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza kwamba mtu mzima anapanda basi kwenda kuchora mahali ambapo bahari itamwinua kitini kwa nguvu, na kwamba kuinuliwa huko ndiko anakokufuata.

Anayechora ndani ya nyumba ana taabu zake, lakini chungwa alilolipanga juu ya meza atalikuta kesho. Anayechora nje ameketi mbele ya kitu kinachoondoka: kivuli kinahama, mashua inang'oa nanga, wingu linafunika, mbuzi anaamka na kwenda zake. Mkono haujali hayo. Mkono unapenda kuendelea. Kila mchoraji niliyewahi kukaa naye anayo hadithi ya picha iliyokuwa hai saa 3 asubuhi ikafa saa 5 kwa kuongezwaongezwa, rangi mbichi juu ya rangi mbichi, hadi zote zikawa tope moja. Mwalimu aliyenifundisha Dar es Salaam, sasa marehemu, alikuwa na dawa yake. Kabla hujafungua tyubu, geuza ubao, andika nyuma kwa penseli kitu kilichokukalisha hapo. Mstari mmoja, na usiwe jina la mahali. Kilichoandikwa nyuma kikishaonekana mbele, funga vifaa uondoke.

Dawa hiyo ina wazee wake. John Constable, alipokuwa akichora mawingu pale Hampstead, London, mwaka 1821 na 1822, alikuwa akiandika nyuma ya karatasi tarehe, saa, na upepo ulikokuwa ukitoka. Ni picha ndogo za rangi za mafuta, nyingine hazina hata kipande cha ardhi. Ukisoma nyuma unaelewa kwa nini mbele ameachia pale alipoachia: upepo ulikuwa umeshalipeleka wingu.

Huku kwetu jambo hili lina makali zaidi. Pangani iko nyuzi 5 na kitu kusini mwa ikweta. Mwezi wa Septemba, nilipokwenda, jua huchomoza saa 12 na robo hivi na kupanda karibu wima, nyuzi 15 kila saa, na ikifika saa 3 na nusu kivuli cha mnazi kimekuwa kifupi kuliko mnazi wenyewe. Kutoka hapo hadi saa 10 jioni kila kitu kinamulikwa kutoka utosini, na uso wa dunia unakuwa bapa. Wenzetu wa kaskazini mwa Ufaransa wana jioni za kiangazi zinazovutika, na bado wanalia. Lilla Cabot Perry, mchoraji Mmarekani aliyekuwa jirani wa Claude Monet kule Giverny, aliandika kwamba kwenye moja ya zile picha za mipopla za mwaka 1891 mwanga alioutaka Monet ulidumu dakika 7 tu, mpaka jua lilipoliacha jani fulani. Jani likiachwa na jua, Monet aliweka turubai hilo chini na kuchukua jingine. Dakika 7 Normandy! Mtu wa Pangani afanye nini?

Kutoka Tanga mjini hadi Pangani ni kilomita zipatazo 50. Konda wa kosta aliupima mzigo wangu kwa macho akasema, "Mzee, hivi vibao vinakalia nafasi ya abiria, tuvikatie tiketi." Tulipatana nusu nauli, mbao zikakaa dirishani, mimi nikakaa pembeni yake. Tukapita Tongoni kwenye makaburi ya kale ya nguzo, kisha mkonge, minazi, mkonge tena. Ndani ya gari linalokwenda kila unachokiona ni picha iliyokwisha: inatokea, inapita, na hakuna anayekupa nafasi ya kuiharibu.

Mji umekaa ukingo wa kaskazini wa mto. Ng'ambo ni Bweni, na kati yake pantoni huenda na kurudi kutwa, ikibeba magari, baiskeli, mbuzi na wanafunzi. Saa 10 na nusu jioni niliketi karibu na gati, nyuma yangu mama mmoja akikaanga samaki. Kilima cha Bweni na minazi yake kilikuwa kinapigwa na jua kutokea kulia, juu ya mto, wakati maji yenyewe, yaliyobeba udongo wa mbali huko bara, yalikuwa yameshaanza kukoza na kuwa meusi. Niligeuza ubao nikaandika: "Mlima una mchana, mto una usiku." Kisha nikaanza.

Watoto walifika kabla rangi ya pili haijachanganywa.

"Anko, hiyo ni nini?"

"Bweni."

"Pantoni iko wapi?"

Niliwaonyesha doa la kijivu katikati ya mto.

"Mbona haina watu?"

Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri kuvuka na baiskeli yake alisogea akaegemea usukani. Alitazama muda mrefu, kwa heshima, kama mtu anayekagua nyumba ya jirani. "Fundi," alisema, "umesahau bendera." Kweli pantoni ilikuwa na bendera. Ilikuwa pia na nguzo ya taa, maboya ya kuokolea, gari la soda na mtu aliyekuwa akipiga simu. Yote hayo yalikuwa mbele yangu na yote yangeweza kuingia. Tangu nianze kuchora hadharani sijawahi kukutana na mtazamaji aliyeniomba nipunguze. Wanaomba kuongezewa, na wanaomba kwa upendo, na hiyo ndiyo hatari yao. Mchoraji asiye na mstari nyuma ya ubao ataweka bendera, halafu bendera itadai mlingoti, mlingoti utadai sitaha, na sitaha haiwezi kukaa bila watu. Wakati huo mlima utakuwa umezimika zamani, naye atakuwa anachora Bweni ya kukumbuka juu ya Bweni aliyoiona.

Nilimwambia mzee kwamba bendera ni haki yake kuidai, ila leo nimeufuata mlima. Alikubali, nadhani kwa sababu pantoni ilikuwa inafika.

Mwenye fedha anaweza kununua muda. Ile mipopla ya Monet ilikuwa mali ya kijiji cha Limetz, na kijiji kiliamua kuipiga mnada kabla hajamaliza kazi yake. Monet alikwenda kwa mfanyabiashara wa mbao akamlipa ili miti isikatwe mpaka yeye awe amemaliza. Hilo naliheshimu: miti ilikuwa bado imesimama, na alichokitaka kilikuwa bado kipo. Lakini miaka miwili kabla, mwaka 1889, alikuwa katika bonde la mto Creuse akichora mwaloni mkavu wa majira ya baridi. Mvua na hali mbaya ya hewa zilimchelewesha hadi Mei, mwaloni ukachipua. Alimlipa mwenye shamba, watu wakapanda na kuyaondoa majani yote. Hapo ananishinda. Majira ya baridi yalikuwa yameshaondoka. Alichokilipia ni kufuta ushahidi. Picha zilitoka nzuri, siwezi kuzikana, ila kila nikiziona nawafikiria wale watu juu ya mti, wakichuma majani mabichi kwa ujira ili mzee mmoja wa Giverny asiambiwe kwamba muda umekwisha.

Mimi sikuwa na la kumpa nahodha wa pantoni, wala jua. Lilipouacha mnazi wa juu kabisa wa Bweni nilikuwa nimeshafunga kisanduku. Mama wa samaki aliniuzia vipande viwili vya nguru, akauliza kama picha hiyo nitaimalizia nyumbani.

Swali lake lilikuwa zuri, na usiku ule gesti nililifikiria. Nilikuwa nimeugeuzia ubao ukutani, kama nifanyavyo siku zote, maana taa nyeupe ya gesti huua kijani na kuikuza bluu, na hukumu inayotolewa chini ya taa hiyo haifai. Wapo wanaosema picha ya nje isiguswe kamwe ndani. Ni ushupavu tu. Monet mwenyewe, anayesifika kwa kuchora nje, alichora kanisa kuu la Rouen mwaka 1892 na 1893 akiwa kwenye vyumba vinavyolitazama, kisha akazimalizia picha hizo kwake Giverny, akaziandika tarehe ya 1894, na mwaka uliofuata akaonyesha 20 kwa muuza picha Durand-Ruel jijini Paris. Zaidi ya mwaka mzima wa kuzigusa ndani! Kwa hiyo ukuta wa nyumba si mpaka. Mpaka ninaoushika mimi ni mwingine: ndani nitarekebisha kilichoharibika njiani, ukingo uliopanguswa, mdudu aliyenasa, mstari wa upeo uliopinda. Nisichokiona nikiwa pale sitakitunga chini ya taa. Pantoni ilibaki doa la kijivu.

Asubuhi nilivuka, nikachukua bodaboda Bweni kwenda Ushongo, kilomita kama 15 za vumbi na minazi. Dereva aliniuliza mara mbili kama mbao zile ni za kuuza.

Nahodha niliyepatana naye Ushongo alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti ya chini. Masharti yake aliyatoa jioni ile ile, tukiwa tumekaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa. "Tutaondoka saa 1 na nusu. Saa 7 nataka nanga iwe ndani ya boti. Ukiniambia dakika tano, mimi dakika tano sizijui, naijua bahari." Nilimwambia nimekuja kwa ajili ya maneno hayo hayo. Alinitazama akaona labda bora aombe malipo ya awali.

Maziwe iko kama kilomita 8 kutoka mdomo wa mto Pangani. Kusi lilikuwa limeanza kuchoka, mawimbi yalikuwa ya mgongo mpana, na boti ilipanda na kushuka bila kutulowesha sana. Kwa mbali fungu lilijionyesha kwanza kama povu lisilohama. Kisha mchanga wenyewe, ukiwa bado umelowa, na shakwe wamejipanga juu yake wote wakielekea upepo. Hapana mti. Hapana kibanda. Nahodha alisema baba yake alikuwa akipiga dago pale na wavuvi wenzake, wakilala chini ya mivinje, na kasa wakipanda usiku kutaga. Maneno yake yanalingana na yaliyoandikwa: Maziwe ilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, ikiwa bado kisiwa chenye miti, na katika miaka iliyofuata ufuo ukaliwa, mivinje ikaanguka, hadi ilipofika katikati ya miaka ya 1980 maji makuu yakawa yanakifunika chote. Kasa wameendelea kuja. Mayai yanayotagwa pale siku hizi huchukuliwa na kuhamishiwa ufukweni Ushongo, kwa sababu yakiachwa yatazama.

Niliweka kigoda karibu na mgongo wa fungu na kufungua mwavuli mweusi. Mwavuli huo si anasa. Mchanga ule mweupe ukimulikwa na jua hulifinya jicho, ubao nao ukiwa juani unang'aa kupita kiasi, basi mtu huchanganya rangi nzito akidhani ni sawa, na akirudi nyumbani anakuta picha ya bahari ya wakati wa magharibi ilhali alikuwa pale saa 3 asubuhi. Chini ya kivuli cheusi rangi husema kweli.

Kilichonikalisha kilikuwa ukingo. Upande wa kusini wa fungu mchanga unashuka pole pole sana, na pale unapoingia majini kuna utando wa maji usiofika hata kifundo cha mguu, wa rangi ambayo si mchanga wala si bahari. Baada yake kijani cha maji ya matumbawe, kisha bluu inakatika ghafla. Niliandika nyuma: "Haijulikani mchanga unaishia wapi." Tatizo ni kwamba ukingo wenyewe ulikuwa unatembea. Maji yalikuwa bado yanapwa, na kila nikiinua macho fungu lilikuwa limeongezeka. Ulimi wa mchanga ambao haukuwapo nilipoanza ukatokea kushoto. Nilipokuwa nauwaza, ukatokea mwingine. Bamvua la pwani hii linaweza kuyashusha maji zaidi ya mita 3, na kwenye mteremko mdogo kama ule mita 3 za wima ni eneo kubwa la mchanga mpya.

Mchoraji aliye pale ana njia mbili. Anaweza kulifuata fungu, kila mara akisogeza ukingo, na mwisho atapata ramani iliyofutwa na kuandikwa upya hadi haisomeki. Au aukamate ukingo wa alama ya kwanza na kuukatalia mchanga wote unaozaliwa baadaye, hata ukiwa mzuri, na mara nyingi unakuwa mzuri kuliko ule wa kwanza. Nilichukua njia ya pili. Ulimi wa kushoto haumo. Ubao wa kwanza niliufunga kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa, fungu likiwa katika ukubwa wake wote na mimi nikiwa nimechora nusu yake.

Saa 4 na nusu hivi bahari ilisimama. Kuna muda mfupi ambapo hakuna kinachokwenda wala kurudi, na shakwe huutumia kutembea. Nahodha alikuja akachuchumaa chini ya mwavuli, nikammiminia chai ya chupa, nikamsimulia habari za Monet kule Étretat, pwani ya Ufaransa, Novemba mwaka 1885. Alikuwa amejibanza chini ya jabali akichora bahari, ana hakika kwamba maji yanapwa, hayaangalii tena mawimbi. Wimbi moja kubwa likamtupa ukutani mwa jabali, likamvuta pamoja na vifaa vyake vyote. Alitoka akitambaa, na kama alivyomwandikia mkewe mtarajiwa Alice, ndevu zake zilikuwa zimejaa rangi, bluu na manjano.

"Hakuwa na nahodha?" aliuliza mzee.

"Alikuwa peke yake."

"Na hiyo picha?"

"Ilichukuliwa na maji."

Alikunywa chai yake yote kabla ya kusema, "Basi ilikuwa imekwisha."

Ubao wa pili niliuanza maji yakiwa yanarudi, na hapo mambo yalikuwa tofauti kabisa. Maji yanayopwa hukuachia, yanayojaa hukunyang'anya. Nilikuwa nimeandika: "Bluu inapanda juu ya kijani." Nilianza na bluu ile iliyokatika, nikashuka kwenye kijani, nikafika kwenye mchanga, na mkono ulikuwa umepata mwendo ambao haupatikani kila siku, brashi moja pana, hakuna kurudia. Kona ya chini kulia ilikuwa bado hadibodi tupu. Niliikumbuka na nilikuwa naielekea. Nikasikia maji kwenye miguu ya kigoda, si wimbi, ni ule utando tu, umefika bila sauti, na nahodha akiwa amesimama karibu na boti akiwa na kamba ya nanga mkononi.

"Haya, fundi."

Sikuomba dakika tano. Tulipanga mbao uso kwa uso, vizibo vidogo katikati ili rangi mbichi zisigusane, tukapandisha mwavuli na kigoda, na tulipokuwa tumekwenda mwendo wa risasi moja nilitazama nyuma nikaona mahali nilipokuwa nimeketi pana mawimbi madogo. Paul Cézanne naye hakuwa na mzee wa Ushongo. Oktoba mwaka 1906 dhoruba ya mvua ilimkuta nje akichora, karibu na Aix, akaendelea na kazi kwa saa kadhaa ndani ya mvua. Alianguka njiani, akarudishwa nyumbani kwenye gari la dobi, na siku chache baadaye akafariki kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka 67. Watu huisimulia habari hiyo kwa kuisifu. Mimi naona alihitaji mtu wa kumshikia kamba.

Jioni, kwenye baraza la nyumba ya wageni, mgeni mmoja alizitazama mbao zilizokuwa zikikauka. Aliupenda ule wa pili na kuuliza bei. Alikuwa tayari kununua, alisema, nikimalizia kona ile. Ilikuwa sehemu isiyozidi kiganja. Rangi za mchanga zilikuwa bado mbichi kwenye paleti, na mtu yeyote mwenye mkono angeijaza ndani ya dakika moja. Nilimwambia kona haiuzwi peke yake. Si kiburi. Kujaza ile kona kungehitaji mchanga ambao sikuuona, na kipande kimoja cha kubuni hufanya vyote vinavyokizunguka vianze kutiliwa shaka. Ambroise Vollard, muuza picha wa Paris aliyeketi mbele ya Cézanne mwaka 1899 kuchorwa, ameandika kwamba baada ya vikao 115 kulikuwa na nafasi mbili ndogo kwenye mkono ambazo hazikuguswa rangi. Alipouliza, Cézanne alimweleza kwamba akiweka hapo rangi yoyote ya kubahatisha itambidi aichore upya picha nzima kuanzia sehemu hiyo. Vikao 115, na bado aliacha nafasi. Mgeni alisikiliza kwa adabu, akanunua chai.

Nilirudi Pangani mjini nikiwa na kazi iliyobaki ambayo niliiogopa kuliko bahari: mtaa wa Uhindini. Pale nyumba za zamani zina roshani za mbao juu ya barabara, kuta za matumbawe na chokaa zimebanduka tabaka kwa tabaka, njano juu ya bluu juu ya nyeupe. Ukuta hauendi popote. Hauna nahodha. Jua la asubuhi husogeza kivuli cha roshani, ndiyo, lakini polepole kiasi cha mtu kujidanganya kwamba hakijasogea, na kila kibanduko cha chokaa ni mwaliko. Niliandika: "Kivuli cha roshani kinakata ukuta vipande viwili," nikaanza saa 1 asubuhi, na kabla ya saa 3 vipande viwili vilikuwapo ubaoni.

Kilichofuata nakijua vizuri, kwa wengine na kwangu. Kwanza jicho linabadilisha makazi. Mwanzoni linakaa ukutani na kuja ubaoni mara moja moja. Baadaye linakaa ubaoni, na ukuta unatazamwa kama shahidi anayeitwa kuthibitisha jambo ambalo hakimu ameshaliamua. Kisha mkono unaiendea brashi ndogo. Hakuna aliyeifikia brashi ndogo saa 3 asubuhi kwa sababu njema. Dalili ninayoiamini zaidi, hata hivyo, ni rangi isiyo na anwani: umechanganya njano nzuri sana, umeinua brashi, na hujui unaipeleka wapi. Njano ile ilipokuwa inaninginia hewani niliisafisha kwa kitambaa. Mwenye nyumba alitoka akaniambia nimeacha dishi la televisheni.

Lipo kundi la wachoraji lisilo na maswali haya, nalo liko kwetu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye vipande vya hadibodi na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, alianzisha picha yenye mwisho wake ndani yake. Mandhari ikajaa, mnyama akakaa katikati, madoadoa yakafika mkiani, imekwisha. Alikufa mwaka 1972, na waliofuata wameendelea hivyo. Wengi wao nao huchorea nje, kwenye kivuli cha mti au cha kibanda, lakini chui wao haendi nao na jua. Nawaonea wivu kwa hilo. Doa la mwisho la chui linajulikana ni la ngapi; kibanduko cha mwisho cha Uhindini hakipo.

Siku ya kuondoka nilijaribu soko la samaki alfajiri, nikaandika nyuma mstari ambao mbele haukutaka kutokea. Jua lilipokuwa juu nilichukua kisu cha rangi nikaukwangua ubao wote, nikaufuta kwa tapentaini. Kukwangua nako ni kuacha. Monet aliharibu angalau picha 15 za mayungiyungi ya maji mwezi Mei mwaka 1908, picha za miaka kadhaa, maonyesho yakiwa karibu, na maonyesho yakasogezwa hadi mwaka uliofuata. Ubao wangu ulikuwa wa asubuhi moja, na hadibodi iliyokwanguliwa huchukua rangi vizuri kuliko mpya.

Msomaji unayetaka kwenda Maziwe na brashi zako, angalia mwezi kwanza: siku mbili tatu baada ya kuandama au baada ya kuwa mpevu. Kiingilio cha hifadhi kilipe kabla ya kupanda boti. Chukua mbao ndogo, mwavuli mweusi, vizibo, maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani, na usibebe turubai kubwa, upepo utaligeuza tanga. Saa ya kuondoka ikubaliwe ufukweni, kabla hujafungua tyubu hata moja. Nauli ya boti hupatanwa kwa safari nzima, si kwa saa, kwa hiyo kuchelewa kwako hakumwingizii nahodha hata shilingi.